Mkunga wa Aina na Mwalimu Kombo

Wete, Pemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza nimeiandika kwa haraka, sijui kama inasomeka. Habari za Tukuyu? Baridi imelegea, au bado mnaamka na kukimbilia motoni? Goti lako linaendeleaje, na yale mafuta niliyompa Baba Mdogo alete yamekusaidia kidogo? Kikohozi cha Baba je?

Mimi ni mzima. Sijaumwa, sijaibiwa, sijafukuzwa kazi. Nakutangulizia hayo kwa sababu Ambakisye kaniambia kuwa nilipopiga simu Jumapili ulisikia sauti yangu haiko sawa, ukashinda na mawazo. Ni kweli haikuwa sawa. Nilitaka kusimulia, maneno yakagoma. Nimeshtuka, Mama, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu ndiyo iliyoniacha hivi. Acha niandike taratibu, labda na mimi nitaelewa.

Unamkumbuka Mwalimu Kombo, yule mtu mzima ninayefundisha naye chumba cha kompyuta hapa chuoni. Tangu nihamishiwe huku, mimi na yeye tunatengeneza lugha ya kuiamrisha kompyuta kwa Kiswahili, ili vijana wa skuli (huku hawasemi shule) waanze kujifunza bila kwanza kupigana na Kiingereza. Tumeiita Mkeka. Usimwambie Ambakisye, atadhani dada yake ameanza kujaza mikeka ya kubeti.

Sasa sikiliza, maana ugomvi wetu ulianzia hapa. Wewe unashona sare. Una ile karatasi ya kukatia, na kwa karatasi moja unatoa mashati hata mia. Kwenye lugha yetu karatasi hiyo tunaiita aina. Unaandika aina Mwanafunzi mara moja, kisha unatoa wanafunzi wengi upendavyo. Lakini karatasi zenyewe nazo lazima zichorwe na mtu. Tuseme unataka kila karatasi itakayochorwa dukani kwako, iwe ya shati au ya sketi, iwe na nafasi ya mshono na upindo. Hutaandika hivyo juu ya kila karatasi. Utamweka mtu mlangoni, na kila karatasi kabla haijaanza kazi ipitie mikononi mwake: aikague, aiongezee kinachokosekana, au aikatae. Mtu huyo, kwenye Mkeka, tunamwita mkunga. Jina alilitoa Mwalimu Kombo. "Anaipokea aina inapovyawa," alisema. Kuvyaa kwa huku ndiko kuzaa.

Jina tulikubaliana siku hiyohiyo. Kazi ya mkunga ndiyo iliyotugombanisha.

Mimi nilitaka mkunga afanye kazi kimya. Ukishamtaja kwa aina moja, basi watoto wa aina hiyo, yaani karatasi zinazochorwa kwa kuifuata, na wajukuu wake wote wapokelewe na mkunga huyohuyo bila mtu kuandika neno. Kijana anaandika mistari miwili, mkunga anamwongezea mingine kumi asiyoiona. Na ikitokea aina ina wazazi wawili wenye wakunga tofauti, lugha imchukue wa kwanza, maisha yaendelee. Nilikuwa najivunia mpango huo, Mama. Ni mfupi na ni msafi.

Mwalimu Kombo akaukataa. Kila tukikaa alikuwa ananiambia, "Nisomee, Mwalimu Atupele. Soma kwa sauti tusikie." Namsomea mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la pili. Nikimaliza ananiuliza, "Na huo upindo umetoka wapi? Mbona hukuusoma?"

"Sikuusoma kwa sababu haukuandikwa. Umewekwa na mkunga."

"Basi kisichosomwa kimeingiaje ndani ya kitu changu?"

"Kimo, Mwalimu. Kimefichika tu."

"Kimefichika nani asikione?"

Na juu ya wale wazazi wawili alikuwa mkali zaidi. "Wakunga wawili wamefika mlango mmoja, weye unamwingiza mmoja kimya kimya. Yule mwengine karudi kwao, na mwenye nyumba hana habari. Vyereje hiyo?" Yaani, inakuwaje.

Wiki zikapita hivyo. Mimi nikaanza kuona kuwa ni mzee mkaidi anayependa maneno mengi. Na ile tabia ya kusomewa ilikuwa inaniudhi, nikaona ni ukubwa tu, mtu amezoea kuhudumiwa. Hata mkewe alikuwa anamsindikiza kila asubuhi kutoka kituo cha gari mpaka mlango wa chuo, wakitembea bega kwa bega, nami nikisema moyoni, angalau huyu ana mapenzi nyumbani.

Basi siku hiyo, asubuhi tu, jua limejaa dirishani, niliingia chumba cha kompyuta nikamkuta yuko peke yake anaandika. Anaandika kwa kasi, vidole havisiti, na midomo inacheza kama mtu anayesoma uradi. Nikaenda nyuma yake nione leo kaandika nini cha kunipinga.

Skrini ilikuwa nyeusi. Waya wake ulikuwa umechomoka, unaning'inia pembeni ya meza.

Nikasimama pale. Nikadhani ananitania. Akaendelea, mstari, mstari, akashuka chini, akarudi juu kurekebisha neno. Mwisho nikasema, "Mwalimu, mbona kioo hakijawaka?"

Vidole vikasimama.

"Kwani hakijawaka?" akauliza. Hakugeuza uso kuniangalia mimi wala kuangalia kioo. Aligeuza sikio.

Mama! Siku zote hizo! Mtu amekaa mbele yangu, tumekunywa chai, tumegombana, tumecheka, na mimi sikujua kuwa hanioni. Nilikaa kwenye kiti cha karibu nikashindwa hata kusema pole.

Yeye ndiye aliyeniokoa. Akanieleza kwa sauti ya chini kuwa ni presha ya macho, ilianza miaka mingi nyuma, akaenda Unguja, akaenda mpaka Dar, wakamwambia kilichokwenda hakirudi. Jicho la kushoto linabagua mchana na giza, basi. Njia za chuo kazijua kabla macho hayajazima, na herufi za kompyuta ziko vidoleni. "Ni mimi na mke wangu tu tunaojua," akasema, "na sasa weye. Wakijua wakubwa watanistaafisha kwa maradhi, nikakae barazani nihesabiwe pole. Nisitiri, mwanangu."

Nikamwahidi. Ningefanya nini?

Usiku mzima nikawa najilaumu kwa kumgombeza. Kesho yake nikamwendea nikasema, "Mwalimu, nimefikiri. Tufuate mpango wako. Mkunga atajwe kila mahali, asifanye lolote kimya."

Nilidhani atafurahi. Akakunja uso.

"Kwa nini?"

Nikarudia kuwa nimefikiri tu.

"Juzi ulikuwa hutaki," akasema. "Leo umeona kitu gani kipya? Umeona kuwa mimi sioni. Hiyo si hoja, Mwalimu Atupele. Hiyo ni sadaka, na mimi sikuja hapa kuomba. Kama mpango wako ni bora, nipige nao."

Basi nikampiga nao, Mama, na uso ukiniwaka kwa aibu. Nikamwambia kuwa kijana wa skuli akilazimishwa kumtaja mkunga kwa kila mtoto na mjukuu atachoka, atasahau mahali pamoja, na aina moja itapita mlangoni bila kukaguliwa. Hilo likamwingia. Akasema, "Hapo kweli." Naye akanirudisha kwa wale wazazi wawili, safari hii kwa mfano: aina Muuguzi, mzazi mmoja ni Mfanyakazi, anayepokelewa na mkunga Msajili, wa kuandikisha majina, mzazi wa pili ni Mtoadawa, anayepokelewa na mkunga Mkaguzi, wa kukagua vipimo. Lugha yangu ikimchukua wa kwanza kimya kimya, jina litaandikwa vizuri, na dawa itatolewa bila kipimo kukaguliwa. Nani atajua? Nikakubali. Si kwa huruma. Jibu sikuwa nalo.

Tukatoka na mpango ambao si wangu wala si wake. Watoto wanamrithi mkunga wa wazazi wao bila kuandika neno, hilo ni langu. Lakini kila aina inapozaliwa lazima itangaze: imepokelewa na nani, imeongezwa nini. Na wakikutana wakunga wawili, aina haizaliwi kabisa mpaka mwandishi aseme anamtaka nani, au atafute mkunga wa tatu aliyefunzwa na wote wawili. Hayo ni yake. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Mshtuko wa pili ndio huu. Siku chache baadaye nilikuwa napanga chumba, nikavuta kiti kimoja nikakiweka karibu na mlango. Bi Salama, yule mama anayetupikia chai na kufagia, akatoka mbio jikoni. "Hicho kirudishe, mwalimu wangu! Mwalimu Kombo hupita hapo."

Nikamtazama. Akanitazama.

"Bi Salama," nikasema, "weye unajua?"

"Kujua nini? Kuwa haoni?" Akacheka kwa huruma. "Umejua leo? Masikini mgeni. Wete yote inajua. Shumba kwao yote inajua. Dereva wa gari hujua kumshusha pahala pamoja kila siku. Wanafunzi hujua kutokuacha mikoba njiani. Hata wale wanaotoka kisiwani Kojani, wakifika wiki ya mwanzo wenzao huwaambia."

"Na mkuu wa chuo?"

"Yeye ndiye aliyesema viti visihamishwe."

"Na yeye mwenyewe, Mwalimu Kombo, anajua kuwa mnajua?"

Akanishangaa kana kwamba nimeuliza jambo la mtoto. "Nani amwambie? Mtu kajisitiri, weye umfunue?"

Mama, nikabaki nimesimama na kile kiti mkononi. Yeye anahangaika kuwaficha watu, na watu wanahangaika kumficha kuwa hakuna kilichofichika. Na mimi sasa nimeshika siri mbili, kila moja imenikataza kuisema kwa mwingine. Ndipo Jumapili ile nilipopiga simu nikashindwa kuongea.

Wageni wakaja wiki hii. Watu wa elimu kutoka Unguja, wamekuja kuuangalia Mkeka, kama unafaa kupelekwa skuli nyingine. Kiongozi wao ni mama mmoja wa makamo, mpole wa maneno lakini macho yake hayapitwi na kitu. Tulipanga kila mmoja na sehemu yake. Mwanafunzi wetu Time, binti hodari wa Makangale, anaandika kwenye kompyuta. Maandishi yanatokea ukutani makubwa kila mtu ayaone. Mwalimu Kombo anaeleza. Tulifanya mazoezi mpaka kila neno litakalotokea alikuwa analijua kwa moyo.

Lakini Time aliingiwa na woga, Mama. Mbele ya wakubwa vidole vikamtoroka. Badala ya mzazi mmoja kwa aina Muuguzi akaandika wawili. Akabonyeza.

Mwalimu Kombo akageukia ukuta, akanyoosha mkono kwa madaha, akasoma: "Aina Muuguzi imezaliwa. Imepokelewa na mkunga Msajili. Imeongezwa jina na tarehe."

Ukutani paliandikwa: Aina Muuguzi haikuzaliwa.

Wanafunzi wote wakainama. Bi Salama, aliyekuwa ameleta chai, akasimama na sinia. Yule mama wa Unguja akasema kwa upole, "Mwalimu, mbona mimi naona hapo pameandikwa haikuzaliwa?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema uongo wowote, kwamba taa inamulika machoni, kwamba nimembadilishia. Mwalimu Kombo akainua mkono kuninyamazisha.

"Mwalimu Atupele, acha," akasema. Kisha akawageukia wageni, akakosea kidogo, akawa anaongea na dirisha. "Mimi sioni. Sioni miaka mingi. Nimewadanganya wenzangu hawa wote, na hawana kosa. Anayestahili kulaumiwa ni mimi."

Mkuu wa chuo akainuka, akasogea mpaka karibu naye, akasema, "Mwalimu, hukutudanganya. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua. Zamani."

Ningekuwa na uwezo ningekuonyesha uso wa Mwalimu Kombo, Mama. Siwezi kuuandika. Ile siku ya kioo mimi ndiye niliyeshtuka, yeye alikuwa mtulivu. Sasa alikuwa yeye.

"Nani anajua?"

"Sote."

"Na Bi Salama?"

"Nipo, mwalimu," Bi Salama akasema.

"Wanafunzi?"

Time akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Kombo akashika ukingo wa meza. Nilidhani ataanguka. Kisha akasema, "Time. Soma pale ukutani. Soma yote."

Time akasoma huku analia: "Aina Muuguzi haikuzaliwa. Wazazi wake wawili wana wakunga wawili, Msajili na Mkaguzi. Sema unamtaka nani."

"Haya. Kuna wa tatu aliyefunzwa na wote wawili, tulimwandika. Mtaje."

Time akamtaja. Aina Muuguzi ikazaliwa, na safari hii alisoma Time. Yule mama wa Unguja akauliza maswali mengi, magumu, na Mwalimu Kombo akajibu yote amesimama palepale, ameshika meza. La mwisho, akamuuliza ni nani aliyefikiria kuwa aina itangaze inapozaliwa. Akajibu, "Tuligombana mpaka ikatoka." Kisha akaaga, akatoka mwenyewe kwa njia zake, na hakurudi.

Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Mkuu akasema tumwache. Mimi nikashindwa, nikapanda gari nikamfuata kwao Shumba. Mkewe akanikaribisha ndani, akaniambia kuwa hasemi na mtu, hata yeye hasemi naye vizuri, maana na yeye alikuwa anajua kuwa watu wanajua.

Nilimkuta amekaa juu ya jamvi, kanzu safi, mikono mapajani. Nikamsalimia.

"Na weye ulijua kuwa wanajua?" akaniuliza.

"Nilijua siku chache tu, Mwalimu."

"Hukuniambia."

"Sikujiona nina haki."

Akatikisa kichwa. "Unajua nilivyokuwa naamka alfajiri kujifundisha kutembea? Kuhesabu ngazi. Kugeuza uso anakotoka msemaji. Najipongeza: Kombo, leo umewapiga chenga. Kumbe natembea katikati ya watu waliosimama kando kunipisha." Akafuta uso kwa kiganja. "Sijui niwashukuru au niwalaani."

Mkewe akaleta uji. Tulipomaliza kunywa akaniuliza kama mkunga wa tatu tumeshamwandikia maelezo. Nikasema bado. "Uvivu huo," akasema. Nikajua atarudi.

Karudi leo asubuhi. Ndiyo maana nimepata nguvu ya kuandika. Kaja na fimbo aliyochongewa na shemeji yake, anaigonga chini bila kujificha, na mkewe kamwacha kule kituoni. Wanafunzi walikuwa wamejipanga nje ya mlango, hakuna aliyewapanga. Wa kwanza akasema, "Shikamoo mwalimu, mimi Time." Mwalimu akasimama, kama mtu aliyemwagiwa maji. "Marahaba, Time." Wa pili, "Shikamoo mwalimu, mimi Hamad." Wa tatu akataja jina. Wa nne. Miaka yote amekuwa akibahatisha sauti zao, nao wanaogopa kumtajia majina kwa sababu kumtajia ni kumfunua. Leo kila mmoja alijitaja, mpaka yule mpole wa nyuma kabisa ambaye hata mimi jina lake nilikuwa silijui vizuri. Somo lilichelewa sana, na hakuna aliyelalamika.

Wageni hawajaleta jibu, wala juu ya Mkeka wala juu yake. Huenda wakamstaafisha, huenda wakamwacha. Sijui. Yeye anasema wakitaka kumwondoa waje wamwambie kwa mdomo.

Mama, nisalimie Baba, mwambie avae sweta. Nisalimie Shangazi Tusajigwe, aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, na Baba Mdogo dereva wangu wa mizigo. Bibi mpe mkono kwa niaba yangu, umwambie mjukuu wake anakula vizuri. Ambakisye asome, aache simu. Mchungaji na wanakwaya wote pia, nawakumbuka kila Jumapili, maana huku kanisa letu ni dogo na sauti ya tatu hatuna.

Na jambo moja nakuomba, Mama. Kama kuna lolote linalonihusu mimi ambalo nyote hapo nyumbani mnalijua, na kwa upendo mnanisitiri nisijue kuwa mnalijua, usiniandikie. Nipigie simu, uniambie kwa sauti yako.

Mwanao anayekupenda,

Atupele